Hadhira Tatu za Corinne

Mtu wa kwanza kunipongeza alikuwa Verlyn, na Verlyn si mtu wa kumpongeza yeyote. Ni mzee aliyestaafu kazi ya posta. Kila Ijumaa huingia kwetu kabla jua halijazama, hukaa pembeni mwa baa na brandi yake yenye cheri, kisha huanza kulalamika kwamba kabichi imekatwa nene. Ijumaa hiyo aliipita baa, akaja moja kwa moja kwenye dirisha la jiko, akapenyeza mkono katikati ya sahani na kuushika wangu uliojaa unga.

"Hongera, kijana," akasema. "Baba yako kafurahi mpaka kanimiminia bila kupima."

"Hongera ya nini?"

"Ah, unajifanya hamnazo. Haya, endelea na samaki wako, bosi."

Akaondoka zake akicheka peke yake. Sikuweza kumfuata. Ilikuwa Kwaresima, na Ijumaa ya Kwaresima, siku isiyoliwa nyama, mjini kwetu hakuna anayepika nyumbani; parokia nzima huhamia Kwa Pliska, mkahawa wetu, watoto kwa wazee, na wote wanataka samaki wa kukaanga, chapati za viazi na rojo la tufaha, tena kwa wakati mmoja. Lakini lile neno "bosi" lilinibaki masikioni.

Na sikuwa nimetulia tangu mwanzo. Toka asubuhi nilikuwa mtu wa kuhamahama humo jikoni: kutoka kwenye kikaangio hadi kwenye friji, kutoka kwenye friji hadi mlango wa nyuma, naufungua, nautazama uwanja wa magari na theluji yake iliyogeuka tope, naufunga. Mama alishanigombeza kwamba nawaingizia baridi. Nilimwambia nasikia joto, na uongo wenyewe haukuwa mkubwa.

Kilichoninyima raha ni ujumbe wa dada yangu.

Corinne alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu cha jimbo, kusini huko, mwendo wa kuondoka baada ya chakula cha mchana na kufika kabla ya cha jioni. Mwezi wa tano anamaliza. Kwetu hilo halikuwa na mjadala: Corinne anamaliza, Corinne anarudi, Corinne anashika mkahawa. Mimi niliingia jikoni pale mgongo wa Baba ulipogoma kuinama, nikasema nitashikilia kwa muda, na huo muda ukaota mizizi. Nilikuwa na miaka ishirini. Sasa nakaribia thelathini, na hata nikivaa suti ya harusi natoa harufu ya mafuta.

Jambo moja nyumbani hawakulijua, isipokuwa Corinne. Nilikuwa nimepata kazi kwenye meli, zile ndefu zinazobeba mawe yenye madini ya chuma katika Ziwa Superior. Kazi ya sitaha, kamba na kutu, hakuna cha kujivunia, lakini nilikuwa nikiiwaza hadi nashindwa kumalizia sentensi. Nilitakiwa kuripoti bandarini mwezi wa tano, mara tu Corinne akirudi. Jibu langu walilitaka Jumatatu.

Sasa jana yake jioni, Alhamisi, simu ikalia, na ujumbe ulikuwa huu: "Trent, kwanza kabisa nataka kutambua mchango wako mkubwa kwa familia. Nimepata nafasi adhimu ya kusoma shahada ya kwanza na ya uzamili kwa pamoja, katika mawasiliano ya kimkakati. Nitabaki chuoni mwaka mmoja tu zaidi. Meli hazikimbii. Nikimaliza nitarudi nikupokee jiko, nikiwa na ujuzi utakaotunufaisha sote. Ningefurahi kupata maoni yako kabla ya Jumapili."

Kutambua mchango wangu. Hivyo ndivyo mwenye kiwanda anavyomwambia mtu anayemwachisha kazi. Na hiyo ya meli hazikimbii ndiyo iliyonitia wazimu, maana meli kazi yake ni hiyo hiyo. Niliitupa simu kitandani, nikaiokota, nikasoma tena. Halafu, kwa kuwa mimi ni mjinga na yeye ni dada yangu, nikaanza kupiga hesabu. Mwaka mmoja. Labda bandarini wangenielewa. Labda msimu ujao. Nililala nikigaragara na labda zangu, nikaamka nazo.

Basi Verlyn aliponiita bosi, nikahisi kuna kitu kimepita nyuma ya mgongo wangu. Punde akaja mke wa fundi bomba, akanipungia mkono dirishani na kusema Mungu anibariki. Kisha kijana mmoja niliyesoma naye akapaza sauti kutoka mezani kwake, "Trent bwana, kumbe hatukupotezi." Nikaachia koleo.

Mama aliingia na trei ya glasi. Rosalie Pliska hatembei, anateleza. Anaweza kubeba sahani za meza nzima huku akiuliza habari za nyonga ya mtu. Nikamzuia mlangoni.

"Mama, hawa watu wananipongeza nini?"

Akanitazama kana kwamba ninamtania. "Si baba yako anatangaza. Toka tumefungua anatangaza."

"Anatangaza nini?"

"Kwamba unachukua jiko. Kabisa, moja kwa moja. Nilidhani umemwambia wewe." Akaweka trei chini. "Hukumwambia?"

Kabla sijajibu, Baba mwenyewe akaingia kuchota barafu. Len Pliska ni mtu mkubwa asiye na maneno. Baa ameiendesha miaka yote kwa kuitikia tu, na watu wanampenda kwa hilo. Lakini jioni hiyo uso wake ulikuwa umefunguka. Sijui niuelezeje. Alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa na daktari kwamba kumbe hakuna tatizo.

"Nilitaka ningoje tufunge," akaniambia, "nikashindwa. Dada yako kaniandikia."

Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akatoa simu, akasoma polepole kama anavyosoma bili za umeme: "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba biashara inajengwa kwa mipango. Kwa kuunganisha shahada mbili, masomo niliyosoma mwaka huu yanahesabiwa kote kuwili, hivyo kinachochukua miaka sita nitakimaliza kwa mitano. Hii ni hatua ya busara. Wakati huo huo jiko liko katika mikono salama. Trent mwenyewe aliniambia kwamba amekuwa sehemu ya jiko hili. Ningefurahi kupata maoni yako kabla ya Jumapili."

Akaondoa miwani. "Kuhesabiwa kote kuwili sijakuelewa. Mimi nikimmiminia mtu brandi moja nikamwambia kanywa mbili, nafungiwa baa. Lakini hilo la mwisho nimelielewa." Akanitazama. "Ulilisema kweli?"

Nililisema. Baada ya Krismasi, kwenye simu, nikiwa nimeegemea hapo hapo kwenye friji. Nilimwambia Corinne hivi: "Nimekuwa sehemu ya jiko hili kama mafuta yaliyoganda ukutani, na siku moja watakuja kunikwangua kwa kisu." Alicheka sana siku hiyo. Kumbe alikuwa anachukua kichwa cha sentensi na kuacha mkia.

Ningeweza kuueleza mkia huo palepale. Lakini Baba alikuwa amenikazia macho, na barafu inamyeyukia kwenye ndoo mkononi, na ule uso wake umefunguka vile.

"Nililisema," nikajibu.

"Nilijua," akasema, akanipiga begani. Nikajichukia. Nilikuwa nimefanya kile kile alichofanya dada yangu, tena bila kukisomea.

"Ngojeni kwanza," Mama akasema. Alikuwa amekausha mikono na kutoa simu yake kwenye mfuko wa aproni. "Mimi ameniandikia vingine."

"Vingine vipi?"

Mama alisoma haraka haraka, kama mtu anayeng'oa plasta. "Mama, katika familia yetu wewe ndiye unayesikia hata yasiyosemwa. Nimepata mwaka zaidi chuoni, na ukweli ni kwamba sijui kama kurudi nyumbani ndiyo njia yangu. Nahitaji baraka zako kwanza, kabla sijazungumza na Baba. Ningefurahi kupata maoni yako kabla ya Jumapili."

"Kabla hajazungumza na mimi?" Baba akasema. "Mimi kaniandikia jana, taarifa ya habari ikianza."

Mama akaangalia simu. "Na mimi ni saa hiyo hiyo."

Wote wawili wakanigeukia. Nikatoa yangu, nikasoma, na niliipita haraka sehemu ya meli nikasema tu "mipango yako haikimbii". Mama akanitupia jicho. Baba hakugundua kitu, alikuwa amesimama akihesabu kwa vidole.

"Kwako anarudi," akaniambia. "Kwa mama yako hajui kama anarudi. Kwangu si lazima arudi kwa sababu wewe hutaki kuondoka. Sasa nina mabinti wangapi?"

"Anaita hadhira," Mama akasema. "Alinieleza siku za Krismasi. Huwezi kuwaambia watu wote ujumbe mmoja. Unawagawa, unajua kila hadhira inaogopa nini, halafu kila moja unaipa yake."

"Yaani mimi ni hadhira?"

"Wewe ndiye hadhira ngumu, Len."

Sidhani kama Mama alikusudia kumchekesha, na Baba hakucheka. Harufu ya kuungua ndiyo iliyotushtua. Nikaopoa samaki weusi, nikawatupa, nikaanza upya huku orodha ya meza ikizidi kurefuka dirishani. Baba akarudi baa na barafu yake. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba Corinne akifika aitwe, na asianze kubeba sahani.

Maana alikuwa njiani. Ijumaa za Kwaresima Corinne huja nyumbani kumsaidia Mama na meza, hata akiwa na mtihani. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote: mtu ametutumia jumbe tatu zisizopatana, halafu anaendesha gari kuja kusimama katikati yetu. Nadhani hakuwaza hata kidogo kwamba tungezisoma pamoja. Katika vitabu vyake hadhira hazioani, hazilali kitanda kimoja, haziazimani miwani.

Sikumbuki nilivyokaanga nusu saa iliyofuata. Najua nilifungua mlango wa nyuma mara nyingi, na kila taa za gari zilipogeukia uwanjani nilichungulia. Nilikuwa namngoja ili nimkaripie, nilikuwa namngoja pia ili aniokoe. Watu waliendelea kunipongeza. Padre alituma salamu. Nilianza kujiona kama mtu anayesikiliza mazishi yake akiwa amejificha nyuma ya pazia, na wote wanasema jinsi alivyokuwa mwema.

Hatimaye Corinne akaingia kwa mlango wa nyuma, viatu vimejaa tope, koti limefunguliwa, tayari anajifunga aproni.

"Samahanini, barabara ilikuwa mbaya. Meza ya padre imeshahudumiwa?" Kisha akaniona. Corinne anajua kusoma nyuso, hata kabla hajaanza kulisomea jambo hilo. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Tumesoma," nikasema.

"Wewe na nani?"

Mama alishafungua mlango wa baa. "Len. Amefika." Tukamsikia Baba akimwambia Verlyn amwangalizie baa na asijimiminie. Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, jambo ambalo Ijumaa halifanyiki.

Tukawa wanne katikati ya mvuke. Corinne akatutazama mmoja mmoja, akavuta pumzi, na nikaona jinsi alivyonyoosha mabega.

"Nasikia kwamba kila mmoja wenu ana hisia zake," akaanza, "na ningependa kwanza kuheshimu..."

"Mimi sina hisia," Baba akasema. "Nina swali. Unarudi au hurudi?"

"Baba, kabla ya hapo ni muhimu tuelewane kuhusu mazingira ya..."

"Corinne," Mama akasema. "Kaka yako ana samaki kwenye mafuta."

Dada yangu akatazama kikaangio. Aliponena tena, sauti ilikuwa ya nyumbani zaidi, na ilikuwa na hasira. "Sawa. Lakini sikumdanganya mtu. Kila mmoja nilimwambia kile anachoweza kukipokea. Hicho ndicho kinachofundishwa, na kinafanya kazi, mnajua? Watu wanapona hospitalini kwa sababu kuna mtu alijua namna ya kuwaambia. Hakuna sentensi hata moja pale isiyo na ukweli."

"Yangu ina nusu," nikasema.

"Nusu gani?"

"Mafuta ya ukutani, Corinne. Kisu cha kukwangulia. Umeviacha wapi?"

Akawa mwekundu hadi masikioni. "Ilikuwa ndefu mno," akasema.

Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini. Nilimuona wazi pale, mtoto yule yule aliyekuwa akiiba kachumbari kutoka kwenye sahani za wateja na kuzipanga upya ili isijulikane. Nilimpenda na nilitaka kumrushia koleo.

Baba alikuwa hajasikia habari za mafuta, au alizisikia na kuziacha zipite. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya kukatia. "Tuambie tena," akasema. "Sisi wote watatu hapa. Mara moja, kwa maneno yale yale."

Corinne akakaza aproni yake. Akaenda hadi kwenye friji, akarudi. Akachukua kitambaa akafuta mahali palipokuwa pasafi. Sikujua kwamba na yeye ana ugonjwa wangu, huo wa kutotulia. Nje ya dirisha mtu aligonga kaunta akiulizia viazi vyake, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka.

"Sirudi," akasema hatimaye. "Si mwezi wa tano, si mwakani. Napenda kuja Ijumaa kubeba sahani. Lakini kuishi hapa na kufanya kazi hii, sitaki. Nimejua hivyo tangu mwaka wa kwanza."

Mafuta yalichemka. Mama alikuwa wa kwanza kusogea. Alimkaribia, akamvua lile koti alilokuwa bado amelivaa chini ya aproni, akalitundika. "Hilo ndilo lililohitaji digrii mbili?" akamuuliza, ila kwa upole, na Corinne akaanza kulia kimyakimya.

Nilimtazama Baba akizeeka palepale. Kisha akajiweka sawa, akaachia meza, na akatafuta pa kushika pengine.

"Haya," akasema. "Nimesikia. Na umesema vizuri. Si neno, Trent yupo."

Wote wakanitazama. Corinne, macho yamelowa, alinitazama kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyejua habari za meli. Akajisogeza hadi kwenye kikaangio kana kwamba anasaidia.

"Mwambie sasa hivi," akaninong'oneza. "Anza na shukrani. Mambo mawili mazuri, halafu la kuondoka liweke katikati, malizia na matumaini. Usiseme neno 'lakini'."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamtii.

"Baba," nikasema, "kwanza kabisa nataka kutambua yote uliyo..."

Akainua kiganja. "Hapana," akasema. "Hiyo ni ya dada yako. Ya kwako iko wapi?"

Sikujua ya kwangu iko wapi. Nilikuwa nimeiweka mbali kwa muda mrefu hivi kwamba ilipotoka, ilitoka shelabela.

"Nimechoka na samaki, Baba. Nikilala nasikia mafuta. Nimepata kazi kwenye meli, kule ziwani, wanataka jibu Jumatatu, na kama wangesema leo ningeondoka leo hii na aproni yangu. Niliyomwambia Corinne yalikuwa malalamiko. Nilisema nimeganda humu. Na wewe uliponiuliza saa ile nikakuitikia, ni kwamba niliona umefurahi na sikuwa na moyo wa kuivunja furaha hiyo."

"Umelijua hili la meli tangu lini?" Baba akauliza.

"Kabla ya Krismasi."

"Mama yake, ulijua?"

"Sikujua," Mama akasema. "Nilihisi tu. Anafungua mlango sana."

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi nimekwishawaambia watu wote walioko humo ndani," akasema. "Mpaka padre."

Hapo Corinne akapata uhai. Alifuta machozi kwa mkono wa nguo, na nilisikia sauti ile ya chuo ikirudi, sasa ikiwa na huruma ya kweli ndani yake. "Baba, hilo lisikutie presha. Hilo lina njia. Leo usiseme chochote, acha lipoe. Wiki mbili tatu zikipita tunasema tunaangalia mipango mipya ya jiko. Ukiulizwa, unasema Trent ataendelea kuwa sehemu ya familia ya Pliska, na huo si uongo. Nitakuandikia. Hakuna atakayekuona umekosea."

Baba akamtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anavyomtazama mteja mgeni aliyeagiza nyama Ijumaa ya Kwaresima. Kisha akafungua mlango akatoka.

Tulimwona kupitia dirishani. Hakwenda nyuma ya baa. Alisimama mbele yake, upande wa watu, mahali ambapo sijawahi kumwona akisimama, akachukua kijiko cha Verlyn na kugonga glasi. Ilibidi agonge tena na tena, maana hakuna aliyezoea kumsikia Len Pliska akiomba kusikilizwa. Ni mtu ambaye siku ya harusi ya ndugu yake alimsukuma Mama ainuke atoe hotuba badala yake. Polepole vijiko vikatulia, hata watoto.

"Jioni hii niliwaambia Trent anachukua jiko," akasema. "Si kweli. Nilisikia nilichotaka kusikia. Trent anakwenda kufanya kazi kwenye meli. Corinne naye harudi. Kuanzia mwezi wa tano sijui nani atawakaangia. Leo samaki wapo."

Akamrudishia Verlyn kijiko chake, akazunguka baa, akaanza kukausha glasi. Kiti kimoja kikasogea, kisha watu wakarejea kwenye sahani zao wakiongea kwa sauti ya chini.

Corinne alikuwa amesimama karibu yangu, bega kwa bega. "Hakujitetea hata kidogo," akasema. "Hakusema ni mimi niliyemwandikia. Hakusema ni wewe uliyemwitikia." Akatazama mikono yake. "Mwalimu wetu angempa sifuri." Halafu akachukua sahani za meza ya padre na kutoka nazo, na nikaona kwamba hakuwa na uso wowote aliouandaa.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilikitaka kwa miaka na kilikuwa mkononi, nami nikashika ukuta, huo huo wenye mafuta. Nilijua ningepiga simu Jumatatu. Nilijua pia kwamba maisha yangu yote nitamwona Baba amesimama upande ule wa baa.

Aliingia baadaye, watu walipoanza kupungua, ndoo ya barafu mkononi ingawa barafu haikuhitajika tena.

"Jumatatu uwapigie mapema," akasema. "Wasije wakampa mtu mwingine."

"Ndiyo, Baba."

Akabaki amesimama. Alitazama kikaangio, friji, mlango wa nyuma, kana kwamba anapapima.

"Kichwani nilishakuona humu," akasema. "Umezeeka kama mimi, mgongo umekwisha, unagombana na mafuta."

"Na mimi nilijiona hivyo hivyo," nikasema.

Baba akaitikia kwa kichwa. Akachukua sahani ya mwisho dirishani, akaipeleka mezani mwenyewe.